Anayeshambulia Analipa Nini?

Haya niliyaongea jumamosi iliyopita mbele ya vijana kama 40 hivi wanaotengeneza magemu, wengine bado wanasoma, wengine wameacha kazi za watu kabisa. Mada ilikuwa wachezaji wanaowashambulia wenzao kwenye magemu ya mtandaoni. Mmoja alirekodi kwa simu halafu wakaniomba niandike, basi nimeandika kama nilivyoongea, nilichotoa ni zile dakika tulizokuwa tunahangaika na projekta.

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Nimepewa dakika 25 na naona MC keshanionyesha saa kabla hata sijafungua mdomo, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Wangapi hapa wamecheza kombolela? Nyoosheni mikono. Sawa, karibu wote, na nyie wawili pale nyuma mliokulia gorofani mtaelezwa na wenzenu. Mnajua ilivyo, mmoja anafumba macho kwenye nguzo anahesabu, wengine mnajificha, akikuona anakimbilia nguzo anataja jina lako, umekamatwa, lakini akibaki hata mmoja hajaonekana, yule akichomoka huko alikojificha akawahi nguzo akapiga kelele kombolelaaa, basi wote mko huru na mtafutaji anaanza upya kuhesabu, na kama ni mdogo mdogo analia. Kwetu tulikuwa tunacheza mpaka giza linaingia. Halafu usiku huohuo, uani palepale, watoto walewale, bibi anatandika mkeka anasema hadithi hadithi, tunaitika hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea. Sasa kulikuwa na binamu yetu mmoja hajui kuzima. Sisi tuko ndani ya hadithi, sungura yuko kisimani keshaanza kumzungusha fisi, yeye anatokea nyuma anakushindilia kofi la mgongo, "nimekukamata!", anakimbia. Bibi hakuwa anamchapa. Alimwambia siku moja tu, "kaa hapa uitikie, au nenda ukacheze na mbwa."

Sasa yule binamu hakuwa mtoto mbaya jamani, kwenye kombolela ndo alikuwa fundi wetu, siku akiumwa mchezo wote unapooza. Shida yake alikuwa anacheza kombolela na watu ambao saa hiyo hawachezi kombolela. Na mkiniuliza magemu ya mtandaoni yanahangaika na nini toka siku ya kwanza mpaka leo nitawaambia yanahangaika na huyo binamu. Uani ni mmoja, seva (ile kompyuta inayowakutanisha wachezaji) ni moja, nusu ya watu wamekuja kwa ajili ya hadithi, wanataka kushirikiana wamuue joka wajue mwisho wake, nusu wamekuja kuwindana, na mara nyingi (hapa ndo patamu) ni mtu yuleyule, leo anataka hiki kesho anataka kile.

Twende 1997. Gemu linaitwa Ultima Online, kampuni ya Origin kule Texas, lilitoka Septemba ya mwaka huo. Ulimwengu mmoja mkubwa, maelfu ya watu kwa wakati mmoja, unaweza kuoka mkate, kufua chuma, kufuga, kujenga nyumba yako, kuingia mapangoni na washkaji. Na ukishatoka nje ya mji unaweza kumuua mtu yeyote ukachukua kila kitu alichobeba. Mwenye gemu, Richard Garriott, humo ndani alikuwa mfalme anaitwa Lord British, na mfalme hafi, ndivyo ilivyopangwa. Agosti 1997, gemu bado lipo kwenye majaribio, mfalme kasimama juu ya ngome anahutubia wananchi kama mimi hapa, mchezaji mmoja akatupa moto wa kichawi, mfalme chini. Kumbe seva ilikuwa imezimika muda mfupi nyuma na mzee aliporudi alisahau kuwasha kinga yake. Yaani gemu halijaanza hata kuuzwa na mtu maarufu wa kwanza kuuawa ni mwenye nyumba!

Hiyo ilichekesha. Iliyofuata haikuchekesha. Waliolibuni, akiwemo Raph Koster aliyekuwa mbunifu mkuu, walikuwa na matumaini kwamba jamii itajilinda yenyewe, watu wema wataungana watawashughulikia wabaya, kama sungusungu hivi. Wakaweka rangi kwenye majina, mwema bluu, mhalifu kijivu, muuaji mwekundu. Wakaweka dau kwenye vichwa vya wauaji. Mjini wakaweka askari ambao ukiwaita wanatokea papo hapo wanammaliza mhalifu. Zote zilisaidia kidogo na zote hazikutosha, na nimekaa sana nikijiuliza kwa nini, maana kwenye karatasi ni mpango mzuri tu.

Mchukueni mgeni mmoja kaingia jana. Ana shoka la kuchimbia na farasi wa mizigo, katoka mjini kwenda mlimani kuchimba madini, kachimba jioni nzima, anarudi. Njiani kuna watatu wamejibanza. Fanyeni hesabu. Yule mgeni anapoteza jioni yake yote pamoja na farasi. Wale watatu wakishindwa, sema amewazidi ujanja amekimbia, wanapoteza nini? Hawapotezi kitu. Wakifa je? Wanafufuka, wana vifaa vingine nyumbani. Kwa hiyo upande mmoja umeweka mezani kila ulicho nacho na upande wa pili haujaweka hata mia. Huo sio mchezo wa kushindana hata kidogo, ni kodi. Na rangi ya jina haibadilishi hesabu hiyo, mwekundu anajivunia wekundu wake kwanza.

Mwaka 2000 wakachukua uamuzi mgumu, waliikopi dunia nzima. Ramani moja ikawa mbili, milima ileile miji ileile, moja ikaitwa Felucca nyingine Trammel, hayo ni majina ya miezi miwili inayoonekana kwenye anga la gemu lao. Trammel huwezi kumgusa mtu asiyetaka kupigana. Felucca ikabaki na sheria ya zamani, na kama vile haitoshi wakaichora upya, miti imekauka na makaburi kila kona. Nini kikatokea? Watu walihama kama mtaa umetangazwa mafuriko. Waokaji, wafugaji, wapiga soga wote wakaenda Trammel, na Felucca wakabaki fisi wanatazamana. Ikabidi waongeze marupurupu, ukichimba Felucca unapata mara mbili, ili angalau wenye tamaa warudi warudi.

Mpaka leo ukiwakuta wazee wa gemu lile wanabishana kama Simba na Yanga, mmoja anakwambia Trammel iliokoa gemu, mwingine anakwambia Trammel ndo iliua gemu. Mimi nawaona wote wako sahihi. Iliokoa watu, na iliua hofu, na ile hofu ilikuwa na kazi yake. Mkate ukiokwa kwenye mji ambao nje kuna watu wanaweza kukunyang'anya ni mkate wa maana. Ukiokwa mahali hakuna anayeweza kukugusa ni kubonyeza bonyeza tu.

Kabla sijaendelea kuna mzee mmoja wa Uingereza lazima nimtaje, Richard Bartle, yeye na Roy Trubshaw ndo walitengeneza lile gemu la maandishi la MUD pale chuo kikuu cha Essex mwaka 1978, kabla wengi wenu hamjazaliwa na mimi pia. Mwaka 1996 akaandika makala akawagawa wachezaji kama karata. Uru ni wale wa kukusanya, levo na mali. Shupaza ni wachunguzi, kwa lugha yao jina la hiyo karata ni koleo, basi wanachimba. Kopa ni wa moyo, wamekuja kwa ajili ya watu. Na pau, ambayo kwao ni rungu, hao ndo wanakuja kuwasumbua wengine. Watu hukariri hizo aina nne wanaziweka kwenye slaidi wanaishia hapo, wanaacha kitu kikubwa alichosema, kwamba hizo karata zinasukumana. Ukizidisha pau, kopa wanakimbia. Kopa wakikimbia, pau hawana wa kumpiga. Kwa hiyo hata kama wewe unampenda mwindaji peke yake bado lazima umtunze swala.

Haya. Kuna gemu dogo la 2012 linaitwa Journey, la PlayStation 3, mnatembea jangwani mnaelekea mlimani, ghafla unamwona mtu mwingine, ni mchezaji wa kweli huko duniani lakini humjui jina, hamwezi kuongea, mnaweza kupiga ka-mlio tu. Watu wazima wamelia na lile gemu, mimi sisemi nani. Sasa Jenova Chen aliyeliongoza ameshasimulia kwamba mwanzoni wahusika walikuwa wanagusana, yaani una mwili, unaweza kumsukuma mwenzako, wakiamini watu watasukumana kusaidiana kupanda mawe. Wakajaribu na wachezaji. Watu wakawasukuma wenzao kwenye mashimo! Timu ikavunjika moyo, wakajiuliza kumbe binadamu ndo tulivyo. Halafu wakaja kuelewa kwamba mtu akiingia dunia ngeni anafanya kama mtoto mchanga, anabonyeza kile kinachotoa kelele kubwa zaidi, na kumsukuma mtu shimoni ndo ilikuwa kelele kubwa kuliko zote. Wakatoa msukumo. Badala yake wakaweka kwamba mkisogeleana skafu zenu zinajaa nguvu za kuruka. Basi, watu walewale wakaanza kutembea wamegandana kama vifaranga.

Hilo nalisema kwa sababu kila nikikaa na watengenezaji wa kwetu nasikia "wachezaji wetu wakorofi". Mkorofi umemtengenezea kitufe wewe mwenyewe.

Gemu ninalotaka kukaa nalo leo ni Sea of Thieves. Mmelicheza wangapi? Watatu, nne, haya. Studio inaitwa Rare, Uingereza, lilitoka Machi 2018. Bahari moja, visiwa, meli ina mtu mmoja mpaka wanne, na ukiacha zile za mifupa na mizimu zinazoendeshwa na gemu lenyewe, kila meli unayoiona kwa mbali ina watu wa kweli ndani. Unachimba hazina, unapakia, unaenda kuuza kituoni, na mpaka hujauza hiyo mali si yako. Kuna uamuzi mmoja walifanya mimi naupenda sana, humo hamna kununua nguvu, aliyecheza miaka 5 na aliyeanza leo asubuhi wana panga lilelile na bastola ileile, tofauti ni mavazi na matanga. Na meli ikizama unapewa nyingine bure. Kwa hiyo unachopoteza ni mzigo na muda wako, hakuna kingine. Ukilinganisha na yule mchimba madini wa 1997 hapo wameshapunguza nusu ya kilio.

Aprili 2019 wakaleta vitu viwili siku moja. Cha kwanza hadithi ndefu, Tall Tales, unafungua kitabu mezani, unafuata mafumbo kisiwa hadi kisiwa, unakutana na wahusika, unacheza na wenzako saa mbili tatu. Cha pili uwanja, Arena, meli kwa meli, mechi yenye dakika zake na pointi. Ungesema hapo wamemaliza kazi, wapiganaji kule, hadithi huku, kila mtu na mkeka wake. Wapi! Arena ilikosa watu na 2022 wakaifunga, maana yule mvamizi wa baharini hakuwa anataka mechi, mechi ni ya mtu anayejua kwamba unakuja, yeye alikuwa anataka kuvizia. Na zile hadithi ziliwekwa kwenye bahari ileile ya wote, meli iliyo kwenye hadithi ukiiangalia kwa darubini haina tofauti na meli iliyojaa dhahabu.

Sasa niwape visa viwili. Kisa cha kwanza, mimi na binamu yangu, yuleyule wa kofi la mgongo, siku hizi yuko Muscat anafanya kazi ya viyoyozi, tunacheza usiku akishatoka shifti. Kwangu saa 6 usiku, kwake saa 7. Tuko kwenye hadithi, saa mbili zimeshapita, tuko kisiwani na taa mkononi tunasoma fumbo la kwenye ukuta wa pango, na zamu ya kuangalia bahari ilikuwa yangu, nakiri, ila fumbo lilikuwa tamu nikaingia na mimi kulisoma kwa sauti. Tunasikia buum. Halafu buum buum. Tunatoka pangoni meli yetu imeinama upande, matundu matano, maji yameshafika ngazi ya juu, binamu anachota na ndoo mimi nagongelea mbao, ukiziba moja wanatoboa mbili, mara naona maji ya kijani mpaka machoni kisha kimya. Wale jamaa wakakaa juu ya maji dakika kama mbili wanazunguka zunguka wanatafuta masanduku. Hakuna masanduku, tulikuwa kwenye hadithi. Wakaondoka.

Kisa cha pili ni miezi kadhaa baadaye, na hiki sijazoea kukisimulia. Tumeona meli ndogo imetia nanga nyuma ya kisiwa, binamu akasema "mali hiyo", tukazima taa zote, tukaisogelea na upepo, tukaipiga. Walijitetea vibaya sana, mmoja alikuwa anaruka ruka tu na panga. Ikazama. Tukangoja vitu vielee. Zikaelea mbao na pipa la ndizi. Ndo tukasikia kwenye sauti, mtoto, Kiingereza cha huko huko kwao, anamuuliza baba yake, sasa tunaanza upya? Baba akajibu kesho, sasa hivi ukalale. Binamu akawa kimya, kwenye hedifoni nasikia feni yake tu ya chumbani. Nikamwambia "bibi angekupeleka kwa mbwa". Hakucheka.

Angalieni hesabu ya visa hivi, maana ni hesabu moja. Yule baba na mtoto wamepoteza jioni. Sisi tumepata ndizi. Hakuna aliyefaidika! Ingekuwa tumeiba dhahabu angalau kungekuwa na stori, tungekimbizwa, wangetaka kisasi. Shambulio lile lilitokea kwa sababu sisi hatukujua wao wamebeba nini, na kwa sababu kukosea hakukutugharimu hata senti. Risasi za mizinga zipo bure kwenye kila kisiwa.

Sasa Rare wamefanya nini miaka yote hiyo? 2020 waliweka hadithi zihifadhi ulipofikia, ukizamishwa unarudi karibu na pale pale, hicho ni kitu kidogo lakini kiliondoa nusu ya machozi. 2021 walipoleta hadithi za Jack Sparrow walifanya kama bibi, wakatandika mkeka mwingine, unapita kwenye mlango fulani wa baharini unajikuta mahali palipo na wafanyakazi wa meli yako tu, peke yenu. Desemba 2023 wakafungua bahari tulivu kabisa, Safer Seas, huko hakuna wa kukushambulia, ila ilipoanza ulikuwa unapata asilimia 30 tu ya dhahabu na kuna levo huwezi kuzipita. Wengi waliona ni haki, hakuna hatari kwa hiyo malipo madogo. Mimi inanikera kidogo na nitasema kwa nini, wamemtoza anayekimbia. Swali langu siku zote ni anayeshambulia analipa nini, na hapo jibu ni kwamba halipi, anayelipa ni yule baba na mtoto wake.

Ila kuna vitu viwili vyao vya nyuma kidogo ambavyo naona ni akili kubwa kuliko hivyo vyote. Julai 2018 walileta muungano. Meli mbili zikipandisha bendera ya pamoja, mwenzako akiuza hazina na wewe unapata nusu ya thamani yake, na yeye hapunguziwi. Elewa hapo, dhahabu inatoka hewani, kwa hiyo kutompiga mtu kunakulipa. Wale mnaosema uchumi wa gemu uwe mgumu kama wa kweli nawaheshimu ila hapa uongo kidogo umefanya kazi ya askari mia. Cha pili, 2020, bendera ya Reaper's Bones. Unataka kuwa jambazi? Karibu, pandisha bendera hii, utapata malipo ya ujambazi, lakini kuanzia sasa kila mtu kwenye ramani anakuona uko wapi. Sasa huyo analipa. Analipa kificho chake, na kwa mviziaji hicho ndo mtaji.

Nikishaanza kuangalia magemu hivi siwezi tena kuacha. Elden Ring ya 2022, gemu la mapanga na mazimwi, ukicheza peke yako hakuna anayekuvamia labda ujitakie mwenyewe kwa kifaa maalum, lakini ukimwita rafiki akusaidie, mlango wa wavamizi unafunguka. Kwa hiyo mnaoshirikiana ndo mnaopata hatari. Wengi wanaona ni uonevu, ila tazama upande wa pili, mvamizi anakuja peke yake dhidi ya wawili au watatu, na chupa zake za dawa zimekatwa nusu. Ameweka kitu mezani. Nikiuawa na mtu wa hivyo nampigia saluti.

Fallout 76 ilipotoka Novemba 2018 walifanya kitu cha ajabu, hawakuweka binadamu hai hata mmoja wa kutengenezwa, watu wote utakaokutana nao ni wachezaji, yaani walitaka nyie ndo muwe hadithi na nyie ndo muwe hatari. Wakaweka breki, ukimpiga mtu asiyetaka ugomvi risasi zako zinamwasha tu kama upupu mpaka na yeye ajibu, na ukimng'ang'ania mpaka afe unawekewa alama kwenye ramani ya kila mtu na dau la kichwa chako linatoka mfukoni mwako. Mfukoni mwako! Unajua kilichotokea? Wakongwe wakaanza kuwafuata wageni kuwapa maji na bunduki. Mgeni anakimbia anadhani anawindwa kumbe mzee anataka kumpa supu. Baadaye wakawarudisha wahusika wa kutengenezwa, 2020, maana watu wema peke yao hawajazi hadithi, na hilo nalo mliandike.

GTA Online sitaikaa sana maana mnaijua kuliko mimi, kila mtu hapa ameshapakia mzigo wa saa nzima akalipuliwa na mtoto kwenye pikipiki inayopaa. Hesabu ni ileile. Mpaka Julai 2022 ndo wakaruhusu ufanye biashara zako kwenye seva ya watu uliowaalika.

Na kuna jambo hamtalisikia kwenye hotuba za Wazungu. Sisi tunacheza na bando, na seva mara nyingi iko Ulaya, au Afrika Kusini, au Ghuba. Mwezi wa tano 2024 kebo za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika mnakumbuka hali. Sasa kwenye hadithi ya kushirikiana, joka linakusubiri, ukilagi, yaani mtandao ukikuchelewesha, nusu sekunde joka halina shida na wewe. Kwenye kupigana mtu kwa mtu nusu sekunde ni kifo, unakufa umejificha nyuma ya ukuta halafu unaonyeshwa video kwamba ulikuwa nje. Kwa hiyo mtengenezaji wa huku akiniambia gemu lake ni la mapambano tu, namuuliza umepanga kumtoza mchezaji wa Songea kwa sababu ya kebo?

Mizani ya silaha naigusa tu maana muda unakwenda. Bunduki moja ikitumika kwa majoka na kwa watu ina mabwana wawili, ukiipunguza kwa sababu inaonea watu, wale wa hadithi wanaamka asubuhi silaha yao imekuwa manati. Guild Wars, gemu jingine la mtandaoni, waliishia kuandika uwezo uleule mara mbili, toleo la kupigana na mazimwi na toleo la kupigana na watu, na Guild Wars 2, 2012, ukiingia uwanjani mnasawazishwa wote levo na vifaa. Ni kazi mara mbili. Fanyeni tu.

Nimalizie na aibu zetu wenyewe. Mimi na wenzangu watatu tuna gemu la simu tunalipika, jahazi zinatoka Rufiji na boriti za mikoko kwenda Lamu, kila jahazi watu wawili, mmoja usukani mmoja tanga, na kuna hadithi ya nahodha aliyepotea inayofunguka bandari hadi bandari. Jahazi nne kwenye bahari moja. Na ndiyo, unaweza kumvamia mwenzako. Kwa haya niliyoyasema tukajiwekea sheria, mvamizi lazima aweke rehani nusu ya shehena yake kabla ya kuanza, na lazima apige baragumu, likishalia zinapita sekunde 30 ndo anaruhusiwa kugusa mtu. Na aliye kwenye hadithi tanga lake lina rangi, usije ukasema hukujua. Tulijiona tumemaliza, tulikunywa soda siku hiyo.

Tukawapa watoto wa mtaani kwetu, wanane, miaka 10 mpaka 13, simu nne, kibarazani. Dakika ya tatu baragumu likalia. Jahazi la pili nalo likapiga. La tatu, la nne. Tukashika vichwa, vita imeanza mapema hivi? Hakuna aliyeguswa. Kakipita ka-dhoruba wanapiga tena. Tukamuuliza mmoja, mdogo wangu unamvamia nani? Akatushangaa, "simvamii, namsalimia." Walikuwa wamelipenda lile baragumu, na rehani wanawekeana halafu wanarudishiwa, kwa hiyo salamu ilikuwa haiwagharimu kitu. Ilipofika wakati mtoto mmoja wa kike akaamua kuvamia kweli, alipiga baragumu kama sheria inavyosema, wenzake wakamjibu salamu wote kwa furaha, sekunde 30 zikaisha, akawamaliza.

Wale wa jahazi tatu zilizomalizwa wakagoma wakasema ni uongo, yule mtoto wa kike anasema alipiga. Na kweli alipiga. Tumebishana wiki nzima pale ofisini kama tuweke mlio wa pili wa salamu au tupandishe rehani, mwenzetu mmoja anasema tuache vilevile maana kile ndo kitu kizuri kuliko vyote tulivyotengeneza. Jumapili tunarudi kibarazani na milio miwili. MC naona umesimama, basi, kama kuna maswali niko hapa.